Kuutoa Mgomba Chupani

Mche wa mgomba ulio chupani hupendeza macho kuliko mche wowote utakaoukuta shambani. Majani yake ni laini na yanang'aa, hayana doa wala tundu la mdudu, na mizizi yake imetandaa myeupe ndani ya aga, ile jeli inayoulisha. Utoe sasa, uuweke mezani kwenye hewa ya kawaida ya chumba. Haupiti muda mrefu majani yamelala. Hata ukiupanda kivulini kwenye udongo wenye maji tele utaendelea kunyauka, na kesho yake unaweza kuukuta umekufa kwa kiu ilhali udongo wake bado umelowa.

Habari za miche ya chupa zinapoandikwa, sifa huenda maabara: makoti meupe, kisu kilichochomwa motoni, chipukizi moja linalozaa mamia. Sifa hizo ni za haki. Lakini ninayemvulia kofia mimi ni fundi wa kitalu, yule anayeipokea miche ikitoka kwenye taa na kuifikisha kwenye jua. Kazi yake huchukua wiki kadhaa, haina mashine ya kuwaonyesha wageni, na ikienda vizuri hakuna anayejua kuwa imefanyika. Kadiri ninavyoielewa ndivyo ninavyozidi kuiheshimu, kwa sababu karibu kila anachofanya fundi huyu, hata kule kupandisha kidogo asubuhi plastiki inayoifunika miche, kinagusa homoni za mmea, ingawa mara nyingi hashiki hata kichupa kimoja cha homoni.

Tuanze na sababu ya kuupitisha mgomba chupani. Mkulima wa Kagera, Kilimanjaro, Rungwe au Murang'a amezoea kuchimba chipukizi kwenye shina la jirani. Chipukizi hilo huja na kila kilichokuwa shambani kwa jirani: fukusi, minyoo ya mizizi, kuvu wa mnyauko wa Panama, na bakteria wa unyanjano, ugonjwa ulioonekana Uganda mwaka 2001 na miaka michache baadaye ukawa umefika Kagera. Ile ncha changa iliyofichwa katikati ya chipukizi, inayotoa majani mapya, wadudu na minyoo hawajaifikia. Ndiyo inayokatwa, ikasafishwa kwa dawa ya klorini, ikawekwa chupani. Virusi ni habari nyingine. Vinaweza kujificha humo humo na kusafiri na mche, kwa hiyo shina mama hupimwa kwanza. Kenya ilianza kuwafikishia wakulima miche ya namna hii kuanzia mwaka 1997 kupitia taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, na washirika wake. Kagera nayo ilipokea maelfu ya miche kutoka Leuven, Ubelgiji, ambako kuna hazina ya kimataifa ya ndizi yenye aina zaidi ya 1,500 zinazotunzwa ndani ya neli za kioo. Hebu ufikirie mche uliolelewa kwenye chumba cha taa Ulaya unavyofika Bukoba na kukutana na jua na upepo wa Ziwa Victoria. Aliyeupokea pale ndiye aliyeamua kama safari nzima itazaa migomba au majani makavu.

Mmea hauna tezi wala damu. Homoni zake hutengenezwa sehemu nyingi za mwili, kwa viwango vidogo mno, na kinachoamua matokeo ni uwiano kati ya moja na nyingine. Historia ya kulijua jambo hili inapita mahali ambapo msomaji wa pwani atapafurahia: ndani ya dafu. Mwaka 1941, nchini Marekani, Johannes van Overbeek na wenzake walikuwa wakijaribu kulea viini vichanga mno vya mnanaha, vikawa vinakufa. Walipovitilia maji ya nazi vikakua. Ndani ya maji yale kulikuwa na kitu kinachoziamuru seli zigawanyike, na ikachukua miaka kukipa jina. Mwaka 1955, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Carlos Miller, Folke Skoog na wenzao walipata kinetini kutoka kwenye DNA ya manii ya samaki iliyopikwa kwa joto kali. Baadaye ikapatikana zeatini kwenye punje changa za mahindi, na jamaa zake wakaonekana kwenye maji ya nazi pia. Ukoo huo wote tunauita saitokinini.

Kisha ukaja ugunduzi ambao kila maabara ya miche imesimama juu yake. Mwaka 1957 Skoog na Miller walionyesha kwa tishu ya tumbaku kwamba auksini, homoni nyingine ya mmea, ikizidi, tishu hutoa mizizi. Saitokinini ikizidi, hutoa machipukizi. Zikikaribiana, linakua donge tu lisilo na umbo. Viungo ni vilevile, kipimo ndicho kinachoamua upande wa juu na wa chini wa mmea. Miaka 5 baadaye Skoog huyohuyo na mwanafunzi wake Toshio Murashige wakachapisha orodha ya chumvi na virutubisho vya kulishia tishu, na mpaka leo migomba mingi ya chupa Afrika Mashariki hulelewa kwa mchanganyiko huo au kwa marekebisho yake.

Kwa mgomba, saitokinini inayotumiwa zaidi ni ile iitwayo BAP, mara nyingi miligramu chache kwa lita moja ya chakula. Kila wiki 3 au 4 fundi wa maabara hufungua chupa mbele ya hewa iliyochujwa, akatenganisha machipukizi na kuyapeleka kwenye chupa mpya. Uzazi huu una utamu wake na una mtego wake. Mizunguko ikizidi, huanza kutokea vibeti na migomba yenye majani ya mabaka, ndiyo maana maabara makini husimama kwenye mizunguko 8 hadi 10 na kurudi kwa mama mpya. Saitokinini ikizidi nayo, miche huvimba maji, ikawa kama kioo, na mabaki ya homoni hiyo huifuata hadi kitaluni na kuizuia kuota mizizi. Kwa hiyo hatua ya mwisho maabara ni ya kuondoa: chakula kipya kisicho na saitokinini, chenye auksini kidogo, na wengine hutia unga wa mkaa uliotayarishwa maalumu ili unyonye mabaki. Hata auksini hiyo ina adabu zake. Inahitajika mzizi unapoanza, na mzizi ukishaanza inapaswa kupungua, kwani kiwango kinachouita mzizi utoke ndicho kinachouzuia usirefuke. Ukikuta mche wenye vijizizi vifupi vinene vilivyosongamana chini ya shina, ujue auksini ilikaa mno.

Sasa mche una shina, majani manne na mizizi. Una kasoro gani? Kasoro yake ni kwamba haujawahi kuhitaji chochote. Hewa ya chupani imejaa unyevu karibu asilimia 100, kwa hiyo majani hayakujifunika utando wa nta wa kutosha. Chakula kina sukari, kwa kawaida gramu 30 kwa lita, kwa hiyo majani hayakulazimika kujipikia kwa mwanga. Mizizi ilikulia kwenye aga, haina zile nywele laini zinazokumbatia punje za udongo. Na stomata, vile vitundu vya jani vinavyoingiza hewa na kutoa mvuke, zimekaa wazi maisha yao yote. Kila stoma ina seli mbili za ulinzi zinazopaswa kulegea ili mlango ufungwe. Mwaka 1993 watafiti waliochunguza ua la Delphinium lililokuzwa chupani waliripoti kwamba stomata zake zinasikia amri ya kufunga na zinajaribu, ila hazifiki mwisho. Hilo ndilo linaloua mche mezani, maana maji yanatoka kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyarudisha.

Amri hiyo ya kufunga huletwa na asidi absisiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikundi kimoja kilikuwa kikitafuta kinachoangusha matunda machanga ya pamba, kingine kikitafuta kinacholaza vichipukizi vya miti wakati wa baridi, na wote wakajikuta wameshika kitu kimoja. Jina lake lilitokana na kuanguka kwa majani na matunda, lakini kazi yake kubwa ni kuusimamia mmea wenye kiu. Udongo unapokauka au hewa inapokuwa kavu, kiwango chake hupanda. Homoni ikifika kwenye seli za ulinzi, chumvi za potasiamu hutoka nje ya seli, maji huzifuata, seli hulegea, mlango hufungwa. Homoni hiyohiyo huhimiza jani litengeneze nta zaidi. Mche wa chupani unayo homoni hii na unajua kuitengeneza. Haujawahi tu kupewa sababu.

Hapo ndipo ufundi wa kitalu unapoanzia. Mwali aliyewekwa ndani hutolewa nje kwa siku moja, kwa shangwe. Mche ukitolewa hivyo umekufa. Fundi anautoa kwa hatua ndogo ndogo, na kila hatua ni kiu ya kiasi, inayotosha kuiamsha asidi absisiki bila kuyaangusha majani.

Siku chache kabla ya kuhama, vifuniko vya chupa hulegezwa. Unyevu unashuka kidogo, na hewa ya ethilini iliyojikusanya humo, ambayo nayo ni homoni inayodumaza na kuzeesha majani, inatoka. Kisha inakuja siku ya kuosha, na hapa inafaa kutazama mikono. Maji ni ya vuguvugu ndani ya beseni. Fundi hatii vidole kwenye majani. Anaushika mche pale shina linapokutana na mizizi, anauzamisha, anautikisa taratibu mpaka aga ianze kuachia yenyewe. Iliyong'ang'ania katikati ya mizizi anaifuata kwa ncha ya kidole, mzizi mmoja baada ya mwingine, kwa sababu aga ile ina sukari, na kipande kidogo kikibaki kuvu watakifuata kwenye udongo na shina litaoza. Anabadilisha maji. Anaosha tena. Mizizi iliyovunjika inakatwa kwa mkasi safi. Halafu miche inapangwa kwa vimo, mikubwa na mikubwa, midogo na midogo, ili mmoja usimnyime mwenzake mwanga ndani ya hema la plastiki.

Chombo cha kwanza hujazwa kitu chepesi kisicho na vijidudu: vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi, au mchanga na udongo wa msitu uliochemshwa kwa mvuke. Juu yake plastiki, juu ya plastiki neti ya kivuli. Siku za kwanza ndani ya hema ni kama chupani. Kuanzia hapo fundi anaanza kupandisha ukingo wa plastiki, asubuhi kwanza, jua likiwa halijawaka, halafu jioni, halafu muda mrefu zaidi. Hakuna saa iliyoandikwa inayofaa kila mahali. Bukoba penye mawingu hapalingani na Moshi mwezi wa pili, na Moshi hailingani na Juja wakati wa baridi ya Julai. Anayefuata karatasi peke yake atapoteza miche ambayo anayetazama majani angeiokoa.

Anatazama nini? Alfajiri, kabla hajafungua, anaangalia matone. Matone yaliyotapakaa upande wa ndani wa plastiki ni mvuke tu, hayana maana kubwa. Anayoyatafuta ni yale yaliyoning'inia kwenye ncha na kingo za jani lenyewe: hayo yamesukumwa na mizizi usiku kucha, na yakionekana anajua mizizi imeshika kazi. Mchana anaangalia ukingo wa jani. Jani likijikunja kidogo adhuhuri na kunyooka jioni, ni sawa, hiyo ndiyo kiu inayofundisha. Likibaki limelala hadi magharibi, amekwenda mbio. Na jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kiini, anasubiri jani jipya. Majani ya chupani hayageuki kuwa ya nje. Mengi yatakauka, na fundi mzoefu hayaombolezi. Jani linalochomoza likiwa tayari nje linaumbwa tofauti tangu mwanzo: nta nene, stomata zinazofunga, rangi iliyokolea. Kazi yote ya hema ni kuyafanya majani ya zamani yaishi muda wa kutosha kulilea hilo moja.

Kwa nini basi usimwage asidi absisiki juu ya miche, ukamaliza kazi siku moja? Limejaribiwa, na linafanya kazi kwa kiasi. Huko Prague, Jana Pospíšilová na wenzake walitibu miche ya tumbaku kwa homoni hiyo wakati wa kuihamisha, ikapoteza maji kidogo kuliko isiyotibiwa na mshtuko wa siku za mwanzo ukapungua. Katika krisanthemamu na mizabibu, watafiti wa Uingereza walitia paklobutrazoli kwenye chakula cha kuotesha mizizi. Dawa hiyo huzuia mmea usitengeneze jiberelini, homoni ya kurefusha iliyogunduliwa na Wajapani kutokana na ugonjwa wa mpunga uliokuwa ukirefuka kupita kiasi. Jiberelini ikipungua, mche hukaa mfupi, mizizi hunenepa, nta huongezeka, na kunyauka hupungua. Nayastahi majaribio haya, yametufundisha kilichomo ndani ya jani. Lakini paklobutrazoli hukaa sana udongoni na ikizidi hudumaza, na asidi absisiki huharibiwa na mwanga mkali na si rahisi kuipata kwa bei ya kitalu cha kijijini.

Na lipo tatizo kubwa zaidi ya bei. Stomata zikifungwa, maji hayatoki, lakini hewa ya kabonidayoksaidi nayo haiingii. Mche huu ndio kwanza umeachishwa sukari. Usipovuta hewa hiyo na kujipikia, utakufa kwa njaa polepole, majani yakiwa bado yamesimama. Homoni inayouokoa na kiu ndiyo inayoukaribisha kwenye njaa. Fundi wa hema anapita katikati ya hayo mawili kila siku: anafungua asubuhi stomata zikiwa wazi na hewa ikiwa na unyevu ili mche ule, anafunika mchana kabla kiu haijazidi. Dawa iliyomwagwa mara moja haiwezi kujua kwamba leo kuna upepo.

Neti ya kivuli hupunguzwa kwa utaratibu huohuo. Mwanga wa chumba cha taa ni sehemu ndogo sana ya jua la adhuhuri la ikweta, na jani lililolelewa huko likitolewa ghafla huungua likawa jeupe. Mbolea nayo huanza kidogo, iliyozimuliwa sana, baada ya jani jipya kutokea. Kuna jambo jingine ambalo napenda liendelee kufanyiwa kazi. Mche uliotoka chupani hauna vijidudu wabaya, ila hauna wema pia. Uganda, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, walijaribu kurudishia migomba ya chupa kuvu rafiki wanaoishi ndani ya mizizi na kuusaidia mmea dhidi ya minyoo na fukusi. Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni huu wa kitaluni, mizizi ikiwa michanga na udongo ukiwa bado mtupu.

Baada ya wiki 4 hivi za hema, miche huhamia kwenye mifuko ya plastiki yenye udongo na mboji, na kukaa chini ya neti miezi miwili hivi mpaka ifike urefu wa sentimita 20 hadi 30. Huku ndiko uchambuzi unapofanyika. Kibeti, mche wenye majani yaliyosongamana juu kama ngazi fupi, mche wenye mabaka, vyote hung'olewa. Inauma kuung'oa mche uliougharimia miezi mingi, na kitalu kisicho na uadilifu huuuza. Mkulima atakuja kuugundua mwaka mzima baadaye, mkungu ukikosekana.

Anayekwenda kununua anaweza kuisoma kazi hii yote kwenye mche mmoja. Chini kabisa ya shina atakuta mabaki ya majani membamba yaliyokauka; hayo ni ya chupani na hayana neno. Juu yake ahesabu majani mapya mapana, matano au sita, kila moja likiwa pana kuliko lililotangulia, na avibonyeze vikonyo vyake kuona kama ni vigumu. Ainue mfuko atazame mizizi kwenye matundu ya chini: iwe myeupe, imefika kingo. Kisha aulize swali moja ambalo muuzaji wa kweli hulijibu bila kusita, kwamba miche hii imekaa siku ngapi kwenye jua bila neti. Akifika nyumbani akumbuke kuwa chipukizi la kuchimbwa lilikuja na tunguu lake lenye akiba ya chakula na maji, na mche huu hauna akiba hiyo. Upandwe mvua za masika zikianza, kwenye shimo lenye samadi iliyooza vizuri, uwekewe matandazo yasiyogusa shina, na usiachwe na kiu miezi mitatu minne ya kwanza.